Jirani Tuliyempa Jina la Adui

Akina mama wapendwa,

Tunawaandikia kutoka huku Kilwa. Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na somo la chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa. Tunaomba radhi, somo hilo tutalirudia. Limetupata jambo katika kazi yetu ambalo limetuondolea raha, nasi tumeona si haki kulificha, maana kosa lilikuwa letu wenyewe.

Kama mnavyojua, mara moja kwa mwezi tunatoka na sanduku la chanjo na mzani kwenda vijiji vilivyo mbali na zahanati. Safari hii tulikwenda kijiji kimoja cha ndani, upande wa bonde la mto Matandu. Tulifika mapema, tukatundika mzani kwenye tawi la mwembe, tukatandika mikeka. Akina mama walikuwa wameanza kukusanyika, na watoto wamefungwa migongoni kwa kanga.

Mbali kidogo, nje ya kivuli, alikuwa ameketi mama mmoja kijana wa kifugaji. Tulimtambua kwa shuka lake na bangili za shaba mikononi. Alikuwa amempakata mtoto wa kiume wa mwaka mmoja hivi. Yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Alikuwa ametembea tangu usiku, maana maboma yao yako mbali na kijiji.

Tulipoanza kuita, sauti zikatoka kwenye mikeka: "Mang'ati asubiri! Kwanza wenyeji." Wengine walicheka. Nasi tulifanya nini? Hatukutaka ugomvi asubuhi ile. Tulijiambia kwamba tutamwita baadaye kidogo. Tukamwashiria kwa mkono, tukasema, "Wewe Mang'ati, ngoja hapo hapo." Akangoja. Jua likapanda, nasi tukaendelea kupima uzito na kuchoma sindano.

Ilipokaribia saa sita tulisikia ukelele. Mtoto yule alikuwa amekakamaa, macho yamegeuka juu, mikono na miguu inatetemeka. Degedege. Tulikimbia, tukamlaza ubavu, tukamvua nguo nzito, tukawazuia waliotaka kumtia kijiko mdomoni. Tone moja la damu katika kipimo cha haraka likatuonyesha malaria. Mwili wake ulikuwa moto kama jiwe la jikoni. Alikuwa na homa hiyo tangu alfajiri, hatua ishirini kutoka kwenye sanduku letu la dawa.

Tulimpa dawa ya kwanza ya malaria kali, kisha tukatafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali. Mama yake hakuwa na nguo ya kumfunika njiani. Hapo akasimama mama mmoja wa makamo, mkulima wa kijiji kile, akavua kanga yake ya juu, akamfunika mtoto. Mwenzake akamuuliza kwa mshangao, "Wewe? Si hao waliomaliza ufuta wako?" Mama yule akajibu, "Ng'ombe ndio waliokula ufuta wangu. Mtoto huyu hajala kitu."

Kabla ya kupanda pikipiki tulimwuliza yule mama wa kifugaji jina la mtoto, tuandike barua ya rufaa. Akatutazama, akasema kwa Kiswahili safi: "Nesi, mtoto ana jina. Liko kwenye kadi. Tangu asubuhi nimeishika." Kadi ilikuwa mkononi mwake kweli, imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni.

Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini sisi hatujasahau maneno yale.

Jina hilo maana yake nini?

Huku kusini tumezoea kuwaita wafugaji wengi "Wamang'ati", na tunadhani ndilo jina la kabila lao. Silo. Hao wengi wao ni Wabarabaig, tawi la watu wanaojiita Wadatoga, ambao asili yao ni nchi ya Mlima Hanang, huko Manyara. Jina la Mang'ati walipewa na Wamasai walipokuwa wakipigana nao zamani, na katika Kimasai maana yake ni adui.

Basi hebu fikirini, akina mama. Kila tulipomwita mama yule tulikuwa tunamwambia: wewe adui, ngoja hapo hapo. Mtoto wake amezaliwa Kilwa. Atakua akiitwa adui katika kijiji alichozaliwa, kwa lugha asiyoijua yeye wala sisi.

Uzazi watatu, mahali patatu

Wiki iliyofuata tulikwenda hospitali kumjulia hali. Tukamkuta na bibi wa mtoto, mama mzee. Tukamwamkia "Shikamoo bibi", akaitikia, tukaketi tukaongea. Bibi yule alizaliwa Hanang. Binti yake alizaliwa Usangu, mkoani Mbeya. Mjukuu amezaliwa Kilwa. Tukauliza kwa nini kila kizazi kina mahali pake. Tulipokwisha kusikiliza tulielewa kwamba watu hawa hawatembei kwa kupenda kutangatanga, kama tunavyosema.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 serikali yetu, kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Basotu, Hanang, chini ya shirika la NAFCO. Taifa lilitaka mkate, na nia hiyo haikuwa mbaya. Lakini mashamba yale, yaliyofika saba, yalichukua ekari zipatazo 100,000, na hayo ndiyo yalikuwa malisho bora ya Wabarabaig. Hata makaburi ya wazee wao yalipitiwa na matrekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, na mwaka 1984 Mahakama Kuu ikawapa haki. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Familia nyingi zikahama na mifugo, wengine wakafika bonde la Usangu.

Huko nako hawakudumu. Mwaka 2006 nchi ilikuwa na ukame na umeme wa mgao. Maji ya mto Ruaha Mkuu, yanayokwenda kwenye mabwawa ya Mtera na Kidatu, yalikuwa yamepungua sana, na mifugo ya Ihefu na Usangu ikatajwa kuwa sababu mojawapo. Kuanzia mwaka huo hadi 2007 wafugaji waliondolewa kwa operesheni. Wengi walielekezwa mkoa wa Lindi, Kilwa ikiwamo. Ng'ombe wengi walikufa njiani. Malalamiko yalikuwa mengi, mpaka mwaka 2007 Rais Jakaya Kikwete akaunda tume ya kuyachunguza. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mlango wa kurudi ukafungwa.

Mama yule kijana alikuwa mtoto mdogo wakati wa safari ile. Anakumbuka kitu kimoja tu: mama yake akikamua ng'ombe kando ya barabara, maziwa hayatoki.

Na mwenye shamba je?

Msifikiri sasa tunawatetea wafugaji na kuwasahau wakulima. Yule mama aliyevua kanga yake tulimtembelea pia. Tulipiga hodi, akatukaribisha kwa chai na mihogo ya kuchemsha. Shamba lake la ufuta lilikuwa la ekari mbili. Huku kwetu ufuta ndio ada ya shule, ndio bati la nyumba, ndio nauli ya kwenda hospitali. Alikuwa amepalilia mara mbili kwa mkono. Usiku mmoja kundi la ng'ombe likapita. Asubuhi alikuta mashina yamelala na nyayo zimejaa maji ya mvua.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Akaambiwa alete mashahidi. Alileta. Akaambiwa angoje mwenye ng'ombe atafutwe. Hadi leo hajalipwa hata shilingi. Watu wanasema mwenye ng'ombe ameshapita kwa mlango wa nyuma na bahasha. Sisi hatukuona bahasha hiyo, lakini tuliona machozi ya mama, na binti yake aliyeacha shule ya bweni kwa kukosa mahitaji.

Tena tukumbuke wenyeji hawa nao wamevumilia mengi. Ni katika milima ya Umatumbi, pale Nandete, ndipo Julai 1905 watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima na Wajerumani, na vita vya Majimaji vikaanza. Vilipokwisha mwaka 1907, njaa iliendelea kuua watu. Mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, safari ya kutoka Kilwa kwenda Dar es Salaam ilitegemea kivuko cha mto Rufiji. Wengi wenu mnakumbuka wagonjwa waliolala Ndundu wakingoja mafuriko yapungue. Mwaka 2004 gesi ya Songosongo ilianza kwenda Dar es Salaam kwa bomba linalotoka baharini hapo Somanga, na huku nyumba nyingi za vijiji vya jirani zikiendelea kuwasha vibatari.

Kwa hiyo mtu wa Kilwa anapowaona ng'ombe wameletwa kwa amri kutoka juu, hasemi tu kwamba wageni wamekuja. Anasema: tumeamuliwa tena. Na mfugaji aliyeshushwa hapa na watoto wake anasema maneno hayo hayo. Maskini wawili wameamuliwa na mtu wa tatu, kisha wanashikana koo wao kwa wao.

Moto huanza na cheche

Tumeshaona mwisho wa mambo haya yanapoachwa. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, Kilosa, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38, wanawake na watoto wakiwamo. Mei 2012 Ikwiriri, hapo jirani zetu Rufiji, mkulima mzee aliuawa katika ugomvi na wafugaji, na hasira za wananchi zikageuka vurugu za kuchoma. Hata bila ng'ombe, mkoa wetu unajua hasira ya mtu aliyenyimwa. Aprili 2013 wakulima wa Liwale waliona malipo yao ya korosho yamepunjwa, na nyumba za viongozi zikachomwa moto. Mwezi uliofuata Mtwara ikawaka kwa ajili ya bomba la gesi, na watu wakapoteza maisha.

Katika vurugu za namna hiyo mwanamume hushika panga au rungu. Mama hushika mtoto na kukimbilia porini. Baadaye ni mama anayerudi kutafuta sufuria katika majivu. Sisi wauguzi tunawapokea wote wawili, na tunawaambia kweli: damu ya mkulima na ya mfugaji hufungwa kwa bendeji moja.

Lililo mikononi mwetu

Mtauliza, sisi akina mama tufanye nini? Operesheni hatukuzipanga sisi, wala hatuna mamlaka ya kuhamisha ng'ombe. Ni kweli. Lakini yapo mambo yaliyo karibu kuliko tunavyodhani.

Kwanza, tujue viti vyetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka kila kijiji kiwe na baraza la ardhi la kusuluhisha migogoro. Wajumbe ni saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Tulipouliza katika kijiji kile, tuliambiwa baraza lipo. Tulipouliza wanawake watatu ni akina nani, wazee walitazamana. Majina yalikuwa kwenye karatasi. Mmoja alikuwa ameshahama, wa pili alikuwa hajui kwamba ni mjumbe. Wa tatu alikuwa ni yule mama wa ufuta! Hajawahi kuitwa hata mara moja. Akina mama, nendeni mkaulize katika kijiji chenu. Kiti kisichokaliwa hukaliwa na mwingine.

Pili, mipaka iwekwe mchana, mbele ya watu wote. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mtu mzima, mwanamume na mwanamke. Huko ndiko mpango wa matumizi ya ardhi unapopitishwa: hapa mashamba, hapa malisho, hapa njia ya ng'ombe kwenda mtoni, hapa josho. Mpango uwe tayari kabla ya mvua, wala usingoje ufuta uliwe. Na wafugaji walioandikishwa kijijini waitwe, wake zao pia. Kule Kiteto, wilaya iliyoonja mauaji ya wakulima na wafugaji Januari 2014, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vimeunganisha malisho yao katika mpango mmoja, wakauita OLENGAPA kwa kuunga majina ya vijiji vyao. Hawakuwa malaika. Walikaa wakapima, wakaandika, wakakubaliana.

Tatu, ng'ombe wakila shamba, hasara ithaminiwe siku hiyo hiyo na bwana shamba, mbele ya pande zote mbili, na malipo yaandikwe na kupokelewa hadharani. Bahasha ya gizani humlisha mmoja na kuwalaza njaa wawili: mama aliyepoteza ufuta, na mama wa kifugaji anayelipizwa kisasi kwa deni ambalo mumewe anasema alikwisha kulilipa.

Nne, turudishe biashara ya kibuyu na pishi. Mama wa kifugaji ana maziwa, watoto wake wanakosa unga na mboga. Mama mkulima ana mahindi, mihogo na karanga, na watoto wake wanakosa maziwa. Uji wa mahindi wenye karanga zilizotwangwa na kikombe cha maziwa ni chakula tunachokitafuta kwa watoto wa pande zote mbili. Ila tunawasihi: maziwa yachemshwe mpaka yapande, kwa maana maziwa mabichi huweza kuleta kifua kikuu na homa ya kutupa mimba. Mkinunua kwa mama yule, mtajua jina lake. Na ni vigumu kuchoma boma la mtu ambaye mtoto wako amekunywa maziwa yake.

Tano, na hili ni letu sisi wauguzi kwanza: anayefika kwanza ahudumiwe kwanza, na mgonjwa zaidi atangulie wote. Tangu siku ile tunagawa vipande vya karatasi vyenye namba kwa kila anayefika, tena kabla ya kutundika mzani tunazunguka kugusa vipaji vya nyuso za watoto wote, walio kivulini na walio juani. Tungefanya hivyo siku ile, mtoto yule asingefika kwenye degedege. Tunaliandika hili ili nanyi mtudai.

Katika Mwanzo tunasoma habari za Isaka na visima vyake. Watumishi wake walichimba kisima, wachungaji wa Gerari wakagombana nao. Wakachimba kingine, ugomvi tena, na kisima hicho akakipa jina lenye maana ya uadui. Walipochimba cha tatu hakuna aliyegombana, naye akakiita kwa jina lenye maana ya nafasi. Wapendwa, tumemwita jirani yetu kwa jina la kisima cha pili. Nafasi haipatikani kwa kungoja tu, Isaka naye ilimbidi achimbe.

Mwezi huu tulirudi kijiji kile. Mambo hayajawa mazuri yote. Mama wa ufuta bado hajalipwa, ila ameitwa kwenye baraza kwa mara ya kwanza, na amekwenda na daftari. Mama wa kifugaji alikuja na mtoto, amenenepa, analia akiona sindano kama watoto wote. Alikuwa ameleta kanga ya yule mama, imefuliwa na kukunjwa, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Kwenye mikeka wengine walisogea kumpa nafasi, wengine hawakusogea.

Ilipofika namba yake tulifungua kadi, tukasoma jina la mtoto kwa sauti, mpaka mwisho. Tulilikosea matamshi. Mama yake akacheka, akatufundisha, nasi tukarudia mpaka tukalipata.

Kina mama, katika kijiji chenu ni nani anayeitwa kwa jina ambalo si lake? Anzeni hapo.

Hadi mwezi ujao, na lile somo la uji tulilowaahidi, tunawatakia amani nyumbani mwenu.